Amana Iliyo Ndani ya Mishipa

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, aliyetupa uhai na akatupa viungo vya kumwabudia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi Waislamu mliohudhuria msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani, tunaziusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu. Katika kumcha Yeye ni kuzichunga amana Zake. Na leo tutazungumza juu ya amana moja tusiyoiona kwa macho, nayo ni mishipa ichukuayo damu kutoka moyoni, ambayo madaktari huiita ateri.

Ndugu zetu, tulikuwa na mwenzetu, mwalimu wa chuo, mtu wa swala na wa watu. Alipimwa akakutwa na shinikizo la damu pamoja na kisukari. Akapewa dawa, akazitumia miezi miwili. Kisha alipojiona haumwi kichwa wala hana kizunguzungu, akaziacha, akasema kwamba amemtegemea Mola wake. Alfajiri moja, akiwa safuni, alitaka kuinua mikono kwa takbira. Mkono wa kushoto ukanyanyuka, wa kulia ukabaki chini. Kilikuwa ni kiharusi. Yu hai mpaka leo, Alhamdulillahi, lakini ulimi uliosomesha watoto wetu sasa hautamki sawasawa hata Alhamdu.

Lililo zito kwetu ni kwamba tulijua. Tulikaa naye barazani kila jioni, tukajua kuwa dawa ameziacha, na hatukumwambia neno. Baadhi yetu tulimsifu kwa tawakali yake. Kwa ajili hiyo tumeona ni wajibu wetu kuyasema leo yale ambayo hatukuyasema siku ile.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tawakali si kuacha sababu. Sote tumesomeshwa habari za yule bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na amtegemee Mungu, akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Dawa, kipimo na chakula cha kadiri ndiyo kamba ya ngamia wetu. Wala elimu ya mwili si kitu kigeni katika dini yetu. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikuwa mwanachuoni wa fiqhi ya madhehebu ya Shafii na tabibu pia. Naye ndiye aliyeeleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, ndipo ikarudi upande wa kushoto. Aliandika hayo zaidi ya miaka 300 kabla ya kitabu cha Mwingereza William Harvey juu ya mzunguko wa damu, kilichotoka mwaka 1628.

Basi tuitazame amana hii. Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja, na kila pigo husukuma damu ndani ya mishipa. Mshipa si bomba lililokufa. Ni kitu hai, hutanuka na kusinyaa kwa kadiri ya haja. Kwa ndani umetandikwa utando mwembamba mno na laini, upitishao damu bila ya kuizuia. Utando huo ukiwa mzima, mshipa ni mzima. Ukiharibika, mlango wa maradhi umefunguka.

Shinikizo la damu likizidi, damu huusukuma ukuta wa mshipa kwa nguvu usiku na mchana. Mshipa nao hujihami kwa kunenepa ukuta wake na kuwa mgumu, na njia ya damu ikawa nyembamba. Njia ikiwa nyembamba, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo ikazidi kuudhuru mshipa. Hivyo maradhi hujilisha yenyewe.

Ama sukari, nayo ni neema, kwani mwili huitumia kama moto utumiavyo kuni. Lakini inapozidi katika damu kwa muda mrefu, hugandamana na protini zilizomo katika ukuta wa mshipa na kuufanya mkavu. Hudhuru ule utando wa ndani, na mshipa ukashindwa kutanuka vizuri. Hapo mafuta yaliyomo katika damu hupata mahali pa kupenya, yakajikusanya ukutani miaka na miaka. Siku moja lile fungu la mafuta hupasuka, damu ikaganda juu yake, na njia ikazibwa. Ikizibwa moyoni, ni shambulio la moyo. Ikizibwa ubongoni, ni kiharusi. Na mishipa midogo kabisa ya macho na ya figo huharibika kimyakimya, hata mtu akapofuka au figo zake zikashindwa kazi.

Maradhi haya mawili mara nyingi hufuatana, na yakikutana katika mwili mmoja madhara huwa makubwa zaidi. Lakini ipo bishara njema. Uchunguzi uliofanywa Uingereza, na matokeo yake kutangazwa mwaka 1998, ulifuatilia wagonjwa 1,148 waliokuwa na yote mawili. Kundi moja lilitibiwa kwa bidii zaidi ili kushusha shinikizo, likafikia wastani wa 144 kwa 82. Kundi la pili likawa na 154 kwa 87. Tofauti ni 10 juu na 5 chini tu. Hata hivyo, katika kundi la kwanza kiharusi kilipungua kwa asilimia 44, na vifo vitokanavyo na kisukari vikapungua kwa asilimia 32. Basi asiseme mtu kwamba kupunguza kidogo hakuna faida.

Ndugu Waislamu, hila ya maradhi haya ni kwamba hayaumi. Mwenzetu aliyapima kwa maumivu, asipoyaona akadhani yameondoka. Kipimo chake si maumivu, ni mashine ya daktari. Mtu mzima aketi atulie dakika tano, kisha apimwe. Akikutwa na 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbalimbali, hilo ni shinikizo lililozidi. Na sukari ya mtu asiyekula tangu usiku, ikifika 7.0 au zaidi kwa kipimo cha milimoli, ni dalili ya kisukari, na daktari huirudia kuihakikisha. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kujiona mzima. Huenda uzima huo ndio kazi ya dawa zenyewe.

Tutazame pia sinia zetu. Shirika la Afya Duniani linausia chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, nayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Hesabuni chumvi ya mchuzi, ya kachumbari na ya samaki mkavu. Kisha hesabuni sukari ya chai ya asubuhi na ya jioni, kaimati na soda. Wala tusiwatupie lawama wapishi, kwani mara nyingi sisi waume ndio tunaorudisha sahani kwa kuwa haikukolea. Nanyi wanafunzi, jueni kuwa sigara huuchubua utando uleule wa mishipa. Tembeeni kwa miguu kuja msikitini. Hatua hizo zina thawabu, na zina afya.

Mwenye kisukari auzingatie udhu wake. Mishipa ya fahamu ya miguu hufa ganzi, mtu akapata jeraha asilihisi. Basi anapoosha miguu, atazame nyayo na baina ya vidole, na akaushe vizuri. Na kabla ya Ramadhani amwendee daktari wake. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula, na kuipokea ruhusa ya Mola ni utiifu.

Mtume (S.A.W.) alimfundisha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, kwamba mwili wake nao una haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe haikuachwa ivunje haki hiyo, je, uvivu na ulafi? Leo, mkirudi majumbani, ulizaneni: nani hajapimwa, na nani ameacha dawa? Atakayejua asinyamaze kama tulivyonyamaza sisi.

Ewe Mola wetu, tusamehe ukimya wetu, waponye wagonjwa wetu, na umrudishie mwenzetu ulimi wake akutaje. Tujaalie tuzirejeshe amana Zako Kwako tukiwa tumezichunga. Amin.