Hofu ya Mkesha wa Marathoni

Wale wanaokimbia alfajiri chini ya Mlima Meru wanaijua hofu ya mkesha wa marathoni. Usingizi hauji, tumbo linavurugika, na kilomita 42 zinaonekana ndefu kuliko zilivyokuwa mazoezini.

Hofu hiyo ina sababu. Mwaka 1988, huko Boston, Juma Ikangaa wetu alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Jasho la miezi yote, kisha sekunde moja! Hata hivyo hakutundika viatu. Mwaka 1989 alishinda New York.

Naye Alphonce Simbu, aliyejinoa Arusha, Septemba 2025 mjini Tokyo alikuwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros hadi hatua za mwisho. Akampita kwa tofauti ya sekunde 0.03, akaipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha.

Basi mkimbiaji unayetetemeka, usione haya. Hofu ikuzuie kukurupuka kilomita za mwanzo. Tumaini liwekee akiba mita mia za mwisho. Kila la heri.