Mitambo Tayari, Nyaya Hazipo

Upepo ni wa bure, lakini mitambo ya kuuvuna hujengwa kwa mikopo. Kule Loiyangalani, Marsabit, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 ilikuwa tayari mwaka 2017. Njia ya umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la serikali ya Kenya. Nayo ilikamilika Septemba 2018. Serikali ikalazimika kulipa fidia kwa umeme ambao haukuwasha hata taa moja. Fidia hiyo itoke wapi, kama si mfukoni mwa mlipa kodi na mnunuzi wa umeme? Basi, kabla ya kutia saini mkopo wa mitambo, tuulize: na nyaya je? Mnunua ng'ombe mwenye busara hukumbuka na kamba.