Linki ya kundi ibadilishwe leo

Hotuba ya afisa wa teknolojia wa kaunti kwa wasimamizi wa makundi ya WhatsApp



Linki ya basari, kazi ya Qatar, bando za bure. Jumbe hizi hakuna aliyeziomba, na kila mmoja wenu ameziona kundini. Wengi hunyamaza kwa kuona haya kumtoa mtu.

Wanaozituma ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mgeni, aliyeingia kwa linki tuliyoibandika wenyewe Facebook. Huyo hahitaji mahubiri. Futeni ujumbe wake kwa wote, mumtoe, mumripoti kwa WhatsApp, kisha mbadilishe linki ya kundi. Msipoibadilisha, atarudi jioni kwa nambari nyingine. Washeni pia ile sehemu inayomtaka msimamizi kumkubali kila anayeomba kuingia.

Wa pili ndiye anayetuumiza. Jina ni la mtu wetu, picha ni yake, lakini anayeandika si yeye. Nilikuwa katika kundi la matanga ya jirani. Usiku mmoja mweka hazina akaandika kwamba nambari ya mchango imebadilika. Watu watatu walikuwa wametuma pesa kabla kijana mmoja hajampigia simu. Mama wa watu alikuwa amelala! Mchana huo alipigiwa na mtu aliyejifanya fundi, akamsomea tarakimu 6 zilizoingia kwenye simu yake. Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa WhatsApp, na hazisomewi mtu yeyote, hata mwanao.

Kilichofuata kilinisikitisha kuliko wizi wenyewe: alitukanwa kundini. Mkimwona mtu wenu amebadilika ghafla, mpigieni simu ya kawaida kwanza. Nambari yake itolewe kundini kwa muda, na mweleze wanachama kwamba ameibiwa akaunti. Yeye naye aingie upya WhatsApp kwa nambari yake, jambo linalomfungia mwizi nje, kisha aweke nambari ya siri ya pili.

Aliyetuma pesa kwa M-Pesa asambaze ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kabla pesa hazijatolewa. SMS za ulaghai kwa wateja wa Safaricom zipelekwe 333.

Sasa toeni simu. Tuanze na kundi la soko.