Kibri cha Mwanadamu na Mafunzo ya Njia ya Tabora

Shukrani na sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone dhalili, kisha akamfadhilisha kwa akili na kwa ulimi wenye kubainisha. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa mbora wa viumbe na mnyenyekevu kuliko wote, na ziwafikie jamaa zake na masahaba wake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema.

Ama baada ya haya, enyi ndugu Waislamu mliohudhuria hapa, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani mwenu, tunakuusieni na tunajiusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Kwani takua ndiyo akiba isiyoibwa, nayo ndiyo nguo isiyochakaa.

Ndugu Waislamu, maradhi ya moyo ni mengi, lakini mama yao ni kibri. Dhambi ya kwanza kutendwa mbele ya Mola haikuwa uzinzi wala wizi. Ilikuwa ni kujiona. Iblis aliamrishwa kusujudu akakataa, na hoja yake ilikuwa moja tu, kwamba yeye ni bora kuliko mwenziwe. Na Bwana Luqman alipomuusia mwanawe, hakumfundisha hila za biashara wala mbinu za kutawala. Alimkataza kuwageuzia watu shavu kwa dharau na kwenda juu ya ardhi kwa maringo. Na katika Sura ya Al-Israa tumekumbushwa kuwa mwenye kutembea kwa majivuno hataweza kuipasua ardhi, wala hatafikia urefu wa milima.

Mwenyezi Mungu (S.W.) anazo njia nyingi za kumrudisha mwanadamu kwenye kipimo chake. Mara humrudisha kwa maradhi, mara kwa ufukara, na mara kwa kumkutanisha na kiumbe asiyejua cheo wala nasaba. Leo tutazungumza juu ya njia hii ya tatu, na mifano yetu hatutaiagiza mbali. Tutaitafuta katika njia kuu ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikakata nyika ya Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani hapa Tabora, kisha ikashuka hadi Ujiji kwenye ziwa Tanganyika.

Njia hii, ndugu zangu, ilibeba mambo mengi. Kwa njia hii dini yetu ilifika bara. Na kwa njia hii hii zilipita minyororo na makongwa, mwanadamu akamuuza mwanadamu mwenziwe, naye hana kosa ila udhaifu. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda nayo miezi mitatu, kila mmoja na mzigo wa frasila 2 hivi begani, na mbele yao walikwenda wakubwa wenye bunduki, kila mmoja akidhani kuwa nchi inamtetemekea. Mwanadamu akishazoea kuogopewa, husahau kuogopa.

Mwaka 1871 alipita hapa msafiri na mwandishi wa habari, Henry Morton Stanley, akimtafuta Dakta Livingstone. Alikuwa kijana wa miaka 30, mwenye fedha za gazeti kubwa la New York na bunduki za kisasa za wakati ule. Alifika Unyanyembe mwezi wa Juni. Akaukuta ugomvi kati ya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo, naye akaingia katika jeshi lililokwenda kumpiga. Jeshi lile lilitoka kwa ngoma na majigambo. Mwezi wa Agosti liliingia katika mtego wa Mirambo likavunjika, na muda si muda Tabora yenyewe ikachomwa moto. Hilo lilikuwa onyo la kwanza.

Septemba 20 Stanley aliondoka na kushika njia ya kusini ili aizunguke vita. Mwanzoni mwa Oktoba alipiga kambi penye mto Gombe, katika pori lenye wanyama wengi: punda milia, twiga, nyati na paa wa kila namna. Akawinda, akapiga, kambi ikashiba nyama. Kisha akaona mahali pa kuoga, maji yametulia kimya chini ya kivuli cha mti, ukingo umeteremka taratibu kama ngazi ya nyumba. Akavua nguo, akajiweka tayari kuruka kichwa mbele. Papo hapo akaona kitu kirefu kinatokeza ndani ya maji, pale pale alipokusudia kuangukia. Alikuwa mamba mkubwa. Akaruka nyuma bila kufikiri, na kule kuruka nyuma ndiko kulikomwokoa. Yeye mwenyewe aliyaandika haya katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1872, akasema kuwa aliweka nadhiri ya kutodanganywa tena na utulivu wa mito ya Afrika.

Tutazame jambo hili kwa jicho la mazingatio. Mtu yule, saa ile, alikuwa na nini? Bunduki zake zilizoangusha nyati hazikuwa na kazi. Fedha za gazeti hazikuwa na kazi. Jina lake halikujulikana kwa mamba. Alisimama kama alivyozaliwa, na kati yake na mauti palikuwa na hatua moja tu, na hatua ile hakuipanga yeye. Mwanamke wa kijiji anayeteka maji mtoni hajivuni mbele ya maji yaliyotulia, hutazama kwanza. Mrina asali wa pori la Ugalla haendi mzingani kwa kelele, huenda na moshi wake taratibu, na lililo juu ya uwezo wake humwachia Mola. Watu hawa hawakusoma vitabu vikubwa, lakini wanakijua kipimo chao, na kujua kipimo chako ndiyo elimu.

Lakini, ndugu Waislamu, liko la kuzingatia zaidi. Katika siku hizo hizo za Gombe, watu wa msafara waliomba wakae siku moja zaidi, wapumzike na waile nyama. Stanley akakataa. Kesho yake, Oktoba 7, walipokwenda mwendo mfupi, wapagazi wakaitua mizigo chini. Wawili miongoni mwa watu wake wakashika bunduki zao, naye akawaelekezea yake. Yalibaki kidogo maji kuzidi unga, mpaka mwenzao mmoja alipoingia kati, na damu haikumwagika. Basi jiulizeni: mamba alimfundisha nini? Alimfundisha kuuogopa mto. Hakumfundisha kumhurumia mpagazi. Nadhiri aliiweka juu ya maji, hakuiweka juu ya nafsi yake.

Hapa ndipo penye siri ya mazungumzo yetu. Hofu si unyenyekevu. Hofu ni ya saa moja, na unyenyekevu ni wa umri mzima. Qur'ani Tukufu imetusimulia habari za watu walio jahazini: dhoruba inapowazunguka humwomba Mwenyezi Mungu kwa ikhlasi, na akishawafikisha nchi kavu husahau, wakarudia dhulma yao. Wangapi miongoni mwetu tulilia hospitalini, tukaahidi, na tulipopata nafuu tukawa wale wale? Wangapi walinusurika katika ajali ya gari usiku, wakatoa sadaka asubuhi, na jioni wakamtukana utingo?

Sasa tuutazame mfano wa pili. Yule aliyekuwa akitafutwa, David Livingstone, hatumtaji kwa ajili ya dini yake, bali kwa ajili ya mazingatio. Mwaka 1844, huko Mabotsa kusini mwa Afrika, simba walikuwa wakishambulia mifugo ya wanakijiji. Livingstone akatoka pamoja nao, akafyatua mitutu yote miwili ya bunduki yake, na wakati anaishindilia tena, simba aliyejeruhiwa akamrukia, akamkamata begani na kumtikisa kama paka anavyomtikisa panya. Mfupa wa juu wa mkono wa kushoto ukavunjika, na mkononi zikabaki alama za meno 11. Aliyemwokoa ni mzee Mebalwe, aliyeinua bunduki ili ampige simba. Simba akamwacha Livingstone akamuuma Mebalwe paja. Mtu mwingine akaja na mkuki, naye akaumwa. Mtu huyu zamani aliokolewa na Livingstone katika pembe za nyati. Kisha simba akaanguka, risasi za mwanzo zimekwisha kumlemea. Oneni jinsi wema usivyooza: leo wamwokoa mwenzio, kesho anasimama baina yako na simba.

Mtu yule hakuifanya habari hii kuwa ngoma ya kujisifia. Alisema kuwa lau si rafiki zake kumshikilia, angeliiweka mpaka uzeeni awasimulie wanawe. Mkono ule haukupona sawasawa tena. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, karibu na mji huu wa Tabora, miezi kadhaa akingojea wapagazi, na nyumba yake ya tembe ingali makumbusho hadi leo. Akaondoka Agosti, na mwaka 1873 akafa mbali, kusini ya ziwa Bangweulu. Watumishi wake, Susi na Chuma na wenzao, wakaukausha mwili wake wakaubeba. Oktoba mwaka huo wakapita nao hapa Unyanyembe. Walishauriwa wauzike papa hapa, wakakataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo. Ulipofika London mwaka 1874, uso ulikuwa hautambulikani tena. Waganga wakafanya nini? Wakautafuta mfupa wa mkono wa kushoto, wakaliona lile kovu la simba, ndipo wakasema: huyu ndiye.

Sifa zake zilijaa magazetini, na nishani alikuwa nazo, lakini hazikuweza kumtambulisha. Alitambulishwa na pale alipovunjika. Basi na sisi tuzingatie: siku tutakayosimama mbele ya Mola wetu, hatutatambulikana kwa vyeo vyetu. Huenda yale yaliyotuvunja na tukayasubiri, ndiyo yatakayotushuhudia.

Na asije mtu akadhani kuwa sharti mnyama awe mkubwa. Mwishoni mwa mwaka 1857 walifika Tabora wasafiri wawili wa Kiingereza, Burton na Speke. Machi mwaka uliofuata, Speke alikuwa katika kisiwa kidogo cha ziwa Tanganyika. Usiku mdudu mweusi, mbawakawa, akamwingia sikioni na kuanza kuchimba. Akajaribu dawa hii na ile, mwisho akatia ncha ya kisu. Mdudu alikufa, lakini sikio likajeruhika, likavimba, likaziba, na vipande vya mdudu yule viliendelea kutoka kwa miezi. Mwaka ule ule Speke aliondoka Tabora kwenda kaskazini akalifikia ziwa kubwa la Nyanza, na jina lake likaenea duniani. Lakini mwenye kutafuta chemchemi ya Nile hakuweza kulinda tundu la sikio lake. Hakika jeshi la Abraha lililokwenda na tembo kuivunja Al-Kaaba halikuangamizwa na jeshi jingine la tembo. Liliangamizwa kwa ndege.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, misafara ya pembe na watumwa imekwisha. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na safari ya miezi mitatu ikawa ya siku chache. Lakini kibri hakikushuka njiani. Kimepanda gari, kimevaa suti, kimekaa nyuma ya meza, na wakati mwingine kimekaa safu ya mbele msikitini. Mwenye kibri humwona mkulima wa tumbaku si mtu mpaka siku ya kutaka kura yake. Humcheleweshea kibarua ujira, na hali Mtume wetu (S.A.W.) ameamrisha alipwe upesi. Hungoja asalimiwe yeye kwanza. Huyu naye ana mamba wake katika maji yaliyotulia, ila hajamwona bado.

Dawa yake ni ipi? Mwanzilishi wa salamu amevunja kibri. Mwenye kumlipa mtumishi haki yake bila ya kuombwa amevunja kibri. Mwenye kukosolewa na mdogo wake akasema ahsante, amevunja kibri. Na dawa kubwa kuliko zote tunayo mara tano kwa siku: paji la uso, mahali patukufu pa mwili wa mwanadamu, huwekwa juu ya ardhi ile ile inayokanyagwa na simba na mbawakawa. Anayesujudu kwa moyo hahitaji kufundishwa na mamba.

Tumeyasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe udhaifu wetu kwa rehema kabla ya kutuonyesha kwa msiba. Usiifanye hofu yetu kuwa ya saa moja, ifanye kuwa takua ya umri wetu wote. Walinde ndugu zetu waliomo maporini, mitoni na njiani. Warehemu waliokufa katika njia hii wakiwa na mizigo begani na minyororo shingoni, ambao majina yao hakuna ayajuaye ila Wewe. Tupe viongozi wanyenyekevu na raia waadilifu, na utujaalie mwisho mwema.

Amin. Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.