Mtindio wa Ubongo kwa Watoto

Mtoto akichelewa kukaza shingo na kukaa, na viungo vyake vikakakamaa, huenda ana mtindio wa ubongo. Hilo si jini wala laana, wala si kosa la mama. Ubongo hudhurika mimbani, wakati wa uzazi au baadaye: kwa kukosa hewa, kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, manjano makali au homa ya uti wa mgongo. Wengine hupata kifafa, tena humeza kwa shida. Basi tuwaketishe wima tunapowalisha. Dawa ya kuiondoa hali hii haipo, lakini kifafa hutulizwa kwa dawa, na mazoezi ya viungo yakianza mapema husaidia sana. Tusiwafiche majumbani; tuwapeleke hospitali, tena tuje nao msikitini.