Shamba Halirogwi, Huchoka

(Mazungumzo kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, Kisii na Nyamira)

 

Tukitembelea familia twasikia neno moja: "Shamba langu limeharibiwa." Mahindi yana rangi ya zambarau, yamedumaa, na jirani ng'ambo ya ua anavuna. Hapo mtu aanza kuuliza ni nani amefanya hivyo. Mnajua maneno hayo hufika wapi. Oktoba 2021, kule Marani, akina mama wazee wanne waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Sisemi ilikuwa kwa sababu ya mahindi. Nasema tusiianze njia hiyo.

Jibu liko chini ya miguu yetu. Udongo wetu mwekundu una kina, si kama mchanga wa Pwani unaopitisha maji upesi. Lakini mvua yetu hupita milimita 1,500 kwa mwaka, nayo huosha chokaa ya asili iliyomo. Sisi nasi twazidisha. Mashamba yamegawanywa hata hayapumziki. Mabua twalisha ng'ombe, samadi hairudi. Tena twatia DAP ile ile kila msimu. Mbolea hiyo ina amonia, na amonia ikigeuka udongoni huacha asidi.

Asidi ikizidi, yaani pH ikiwa chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi. Fosforasi uliyonunua kwa pesa nyingi nayo hushikwa na udongo, mmea usiipate. Ile rangi ya zambarau mara nyingi ni njaa ya fosforasi. Na jirani je? Pengine samadi yake yote huingia shambani, basi.

Tufanye nini?

Kwanza, tupime udongo. Chota sehemu mbalimbali za shamba, changanya, kisha umwone afisa wa kilimo au kituo cha KALRO pale Kisii. Gharama ikiwa nzito, jumuiya ichange.

Pili, chokaa ya kilimo. Tia kwa kipimo utakachopewa, uchanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usikisie. Na usimwage kwenye majani chai. Chai hupenda asidi.

Tatu, samadi na mboji zirudi shambani, na maharagwe yabadilishane na mahindi.

Nne, wenye miteremko wachimbe makinga maji, wapande nepia kwenye kingo. Udongo wa juu ukishuka hadi Gucha haurudi.

Viongozi, mtu akija kwenu akilia shamba, msimsaidie kutafuta jina la mtu. Mwulizeni: umepima udongo? Kisha mwende naye shambani, mng'oe mhindi mmoja, mwangalie mizizi pamoja. Na yule mama mzee anayeishi peke yake, mtembeleeni wiki hii hii.