Shamba Moja, Wanunuzi Wawili



Katika Injili ya Luka, sura ya 12, mtu mmoja katika umati alimwomba Bwana Yesu amwamuru nduguye agawane naye urithi. Bwana alikataa kuwa mwamuzi wao, akawaonya juu ya choyo. Ugomvi ule haukuishia kule; uko Njombe, uko Makambako.

Makambako ni njia panda, tena ina stesheni ya TAZARA. Kiwanja cha kando ya barabara hutamaniwa na wengi. Huku Njombe, miti ya mbao, na siku hizi maparachichi, vimepandisha bei ya mashamba. Baba anafariki. Udongo wa kaburi haujakauka, mwana mkubwa anamwuzia shamba mfanyabiashara. Mwaka wa pili mdogo wake anarudi kutoka mjini, anauza shamba lile lile kwa mtu mwingine. Mama mjane yumo humo analima, wala hana habari.

Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na kila ajionaye mrithi. Na aliyekwisha kuuza hana cha kuuza tena. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Baraza la Kata halihukumu, bali hupatanisha. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, pengine hata Mahakama Kuu. Nauli na miaka vinaliwa humo.

Nabii Yeremia, sura ya 32, alinunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Hati iliandikwa, mashahidi wakatia sahihi, fedha ikapimwa, kisha nakala mbili zikahifadhiwa katika chombo cha udongo. Tena yalifanyika hadharani, mbele ya watu waliokuwepo.

Makatekista wapendwa, ninyi ndio mnaoitwa kushuhudia, kwa kuwa watu wanawaamini. Ulizeni kwanza: mjane yuko wapi? Dada zao wameitwa? Barua ya usimamizi iko wapi?

Mimi sikuuliza. Miaka mingi iliyopita nilitia sahihi kwa haraka, nikiwa njiani kwenda kigangoni. Shamba lilikuwa limekwisha kuuzwa. Aliyenunua aliniamini mimi kuliko ile karatasi. Nyumba yake iliishia kwenye linta, na kila nipitapo naiona.